Meza ya Kwanza ya Seremala

Muulize seremala mzoefu kuhusu kazi zake za mwanzo, kwanza atatazama chini. Meza yake ya kwanza haijapotea. Iko sebuleni kwa mama au kwa shangazi, imetandikwa kitambaa, na fundi akiingia macho yake hukimbilia kwenye ufa ambao wageni wala hawauoni. Napenda kumsikiliza akiieleza aibu hiyo, kwa sababu haielezi kijumlajumla. Huitaja kasoro moja moja, na anavyozitaja ndivyo ninavyoujua ufundi wake.

Ufa ndio wenye habari ndefu. Mbao, hata ikishapasuliwa na kupigwa randa, huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa: masika huvimba, kiangazi husinyaa. Ndiyo maana mlango uliofungika vizuri Januari hukwama Aprili. Tena mbao husinyaa kwa upana. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Anayeanza kazi huchukua mbao mbichi, akazipigilia kwenye fremu kila upande, akiamini kukaza ndiko kuimarisha. Zikianza kukauka hazina pa kwenda, zinapasuka. Mninga una afadhali, maana husinyaa kidogo kuliko miti mingi, lakini nao hautaki kubanwa. Fundi aliyekomaa huipa mbao nafasi. Tazama mlango wa paneli: ubao wa katikati umekaa ndani ya mfereji bila gundi, unapanuka na kurudi mwaka mzima, na mwenye nyumba hana habari.

Kisha miguu inayoyumba. Hapo kosa ni ulimi wa kiungo kuwa mwembamba kuliko tundu lake. Vumbi la mbao likichanganywa na gundi huficha mwanya, lakini halishiki uzito. Ulimi uliokatwa sawa huingia kwa kusukumwa na kiganja, ukamalizwa kwa kugongwa kidogo. Kufika hapo kunataka patasi kali, alama iliyochorwa kwa ncha ya kisu badala ya penseli butu, na moyo wa kujaribisha, kuchomoa, kupunguza kidogo tena. Kazi hii yote hufichika meza ikishaungwa, nami naistahi kuliko nakshi.

Kwa hiyo mama anayekataa meza ile igeuzwe kuni namuunga mkono. Mwanagenzi apelekwe pale, aipindue, ataje mwenyewe kilichokosewa, kabla hajakabidhiwa mbao za mteja.