Kipande Kimoja Si Hadithi: Uhakiki wa Msako wa Vipindi vya Televisheni Vilivyopotea

Neno uraibu lina maana mbili katika Kiswahili cha leo: jambo alifanyalo mtu kujiburudisha, na mazoea yaliyomteka asiweze kuyaacha. Maana zote mbili zinawafaa watu tunaokusudia kuwajadili katika ukurasa huu, yaani wapenzi wa televisheni ya zamani wanaotumia miaka yao, na mara nyingi fedha zao, kuvisaka vipindi ambavyo vituo vyenyewe vilivifuta au kuvitupa. Tutajifunga na kipindi kimoja, Doctor Who cha BBC, kwa kuwa ni miongoni mwa vilivyosakwa zaidi, na kwa kuwa njia ya msako huo ilipita barani kwetu. Hoja yetu ni ya kihakiki. Msako huu umeokoa mengi, lakini umewazoesha wafuasi wake kuzipima kazi za sanaa kwa kipimo kibovu, na kipimo hicho tunakiona pia katika madarasa yetu ya fasihi.

Kwanza historia yenyewe kwa ufupi. Doctor Who kilianza kuonyeshwa Novemba 1963, na katika miaka sita ya mwanzo zilirushwa sehemu 253, zote nyeusi na nyeupe. Kanda za video zilikuwa ghali, kwa hiyo zilifutwa ili zirekodiwe mambo mengine. Mikataba ya waigizaji ilibana marudio, na rangi ilipoingia, picha zisizo na rangi zikaonekana hazina soko. Nakala za filamu za milimita 16 zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi za nje nazo ziliharibiwa kwa wingi katika miaka ya 1970, hadi mwaka 1978 BBC ilipoanza kuchagua na kuhifadhi kwa utaratibu. Wakati huo nakala nyingine zilikuwa zimekwisha safiri. Miongoni mwa wanunuzi wa miaka ya 1960 walikuwamo Nigeria, Zambia, Kenya na hata Uganda, ambako televisheni ilianza mwaka 1963 kama kipindi chenyewe. Stesheni ikimaliza kuzionyesha filamu hizo ilitakiwa izirudishe, iziharibu au izipeleke stesheni nyingine. Pale ambapo mtu wa stoo hakutimiza agizo hilo ndipo urithi ulipobaki.

Sasa tuje kwenye uhakiki. Hadithi iitwayo The Tomb of the Cybermen, yenye sehemu nne, ilionyeshwa Septemba 1967, kisha ikapotea yote. Kwa muda mrefu wapenzi wa kipindi waliisifu kuwa kilele cha enzi yake. Sifa hizo zilitokana na kumbukumbu za utotoni, picha chache, na kitabu kilichoandikwa kutokana na mswada wake na kutolewa mwaka 1978. Filamu zikapatikana Hong Kong, na mwaka 1992 hadithi ikauzwa kwa kanda za video. Wengi walifurahi. Wengine walikaa kimya kidogo, kisha wakakiri kwamba utisho waliokuwa wakiusimulia haukuwa mkubwa kiasi kile. Mandhari ya majitu ya chuma yakitoka katika makaburi ya barafu ni nzuri kweli, nasi hatuipunguzii heshima. Lakini yumo pia Toberman, mtumishi mweusi mwenye misuli, asemaye maneno machache mno, ambaye kazi yake ni kubeba, kupiga na mwishowe kufa ili wengine wapone. Msomaji wa Kiafrika anamwona mhusika huyo kabla hajayaona makaburi. Hadithi ilipokuwa haionekani, sifa zake ziliimbwa bila yeye kuguswa sana. Kilichopotea hakijitetei, ni kweli, lakini pia hakishtakiwi.

Mfano wa pili ni kinyume chake, nao ndio unaotuvutia zaidi. The Enemy of the World, iliyoandikwa na David Whitaker na kuongozwa na Barry Letts, ilionyeshwa kuanzia Desemba 1967 hadi Januari 1968 katika sehemu sita. Kwa miongo kadhaa ilibaki sehemu moja tu, ya tatu. Ni sehemu ya watu kukaa vyumbani na kuzungumza, mpishi mmoja mwenye kinyongo akilalamika jikoni, na mambo makubwa yakitajwa tu bila kuonyeshwa. Kutokana na sehemu hiyo hadithi nzima ilihukumiwa kuwa nzito na ya kuchosha. Kisha mwaka 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, Mwingereza aliyekuwa akizunguka nchi mbalimbali kukagua stoo za stesheni, alikuwa amezipata filamu zake huko Jos, Nigeria. Zilikuwa sehemu kumi na moja za hadithi mbili, na tisa kati yake hazikuwako kwingine kokote kulikojulikana. Hukumu ikageuka. Sehemu ya kwanza ina helikopta na mbio za pwani. Patrick Troughton anaigiza watu wawili, Daktari mwenyewe na Salamander, mtawala dhalimu anayefanana naye, na anawatofautisha kwa sauti na mwendo hata mtazamaji husahau kwamba ni mtu mmoja.

Zaidi ya hayo, kuanzia sehemu ya nne tunaonyeshwa kwamba Salamander amewafungia watu chini ya ardhi kwa miaka mitano, akiwadanganya kwamba juu kuna vita na sumu ya nyuklia. Uongo huo unafichuliwa na kipande cha gazeti kilichonata kwenye shehena ya chakula. Hiki ndicho kiini cha maudhui: mtawala anayewatawala watu kwa kuwanyima habari. Hakuna aliyeweza kukiona ndani ya sehemu ya tatu, kwa kuwa hakimo.

Hapa ndipo tunapowakumbuka wanafunzi wetu na maswali ya dondoo. Tunawapa mistari minane ya tamthilia na kuwataka wataje muktadha, wahusika na tamathali, nao hufanya hivyo vizuri. Wasiwasi wetu ni pale mwanafunzi anapomaliza shahada akiwa ameijua tamthilia kwa madondoo yake tu, kisha akasimama mbele ya darasa la sekondari na kutamka kwamba mwandishi fulani ni mchoshi. Dondoo lina haki ya kuchaguliwa na mwalimu kwa kusudi fulani. Halina haki ya kuisemea kazi nzima. Tazama jambo la mwaka 1996: huko Australia vilipatikana vipande vifupi vya sehemu zilizopotea, vilivyokuwa vimekatwa na wadhibiti wa filamu miaka ya 1960 kwa kuonekana vya kutisha au vya ukatili. Sehemu nzima zilipotea, vilivyokatwa vikabaki katika nyaraka za serikali. Anayekihukumu kipindi kwa vipande hivyo atasema kilikuwa cha kunyongana na kupiga mayowe mwanzo hadi mwisho, kumbe anausoma mkasi wa mdhibiti.

Lipo pia suala la lugha, ambalo idara kama yetu haiwezi kulipita. Habari za mwaka 2013 zilieneza kwamba filamu za Jos “ziligunduliwa”. Morris mwenyewe ameeleza kwamba alipangusa vumbi kwenye utepe uliobandikwa juu ya makopo, akaona jina la kipindi. Basi jina lilikuwa limekwisha andikwa. Kuna mtu aliyeubandika utepe ule, akayapanga makopo rafuni, na wengine baada yake hawakuyatupa. Sisi tunaoishi karibu na chanzo cha Nile, tuliofundishwa shuleni kwamba Speke alikigundua mwaka 1862 ilhali wenyeji walikuwa wakivua samaki pale pale, tuna sababu ya kuwa wagumu kidogo kwa kitenzi hiki. Kisa cha nyumbani ni takribani negativu 70,000 za picha za enzi ya Idi Amin zilizokuwa kabatini katika Shirika la Utangazaji la Uganda, ambazo baadhi yake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Nazo pia zilisemwa kuwa zimegunduliwa. Kiswahili kina kupata, kurejesha, kutambua na kuibua. Tunampa Morris pongezi zake zote, kwani bila miguu yake filamu zile pengine zingeoza. Tunachokataa ni kitenzi kimoja kumfuta mtunza stoo.

Upande wa uraibu huu tunaousifu bila kusita ni ule usio na shangwe. Sauti za sehemu zote zilizopotea zipo, kwa sababu vijana wa miaka ya 1960 walirekodi kwa vinasa sauti mbele ya televisheni za nyumbani kwao. Aidha, mpiga picha John Cura alikuwa akiipiga picha skrini yenyewe wakati wa matangazo na kuwauzia waongozaji na waigizaji. Wapenzi wengine wameorodhesha nakala ipi iliuzwa nchi gani na ilitoka huko kwenda wapi. Hii ni kazi ya usomi, ingawa hailipwi mshahara wala haimpi mtu cheo. Laiti tungekuwa na orodha kama hiyo ya michezo ya redio na televisheni ya Kiswahili katika kanda yetu!

Hadithi ya pili ya Jos, The Web of Fear, ilirejea ikiwa na pengo. Sehemu ya tatu, ambamo Nicholas Courtney anatokea kwa mara ya kwanza kama Lethbridge-Stewart, mwanajeshi atakayekuwa mhusika mashuhuri wa kipindi, haikupatikana. Katika matoleo ya kwanza pengo hilo lilijazwa kwa picha za Cura zisizosogea, zikiambatana na sauti iliyorekodiwa nyumbani. Mwaka 2021 likatoka toleo lenye katuni. Katuni ile ina wahusika wenye nyuso za mpira wanaotembea kama waliofungwa kamba, lakini hilo si kosa lake kubwa. Kosa lake ni kwamba inamwonyesha mtazamaji namna mhusika alivyogeuza kichwa, alivyoshika bunduki na alivyoingia handakini, mambo ambayo mengi yake yamebuniwa na wachoraji. Picha zile zilizotulia hazidai hivyo. Sauti inaendelea, uso unabaki palepale kwa sekunde kadhaa, na mtazamaji anajua ni kipi kilichookoka na ni kipi hakikuokoka. Atakayeitazama hadithi hii pamoja na wanafunzi tunamshauri achukue toleo la picha.