Nani Atazibeba Tani 27?

Jengo la ofisi lenye watumishi 300, ukimhesabia kila mmoja lita 45, hutumia lita 13,500 za maji kwa siku. Mteja wa Dodoma aliyekwisha kuonja mgao ataomba akiba ya siku mbili. Hizo ni lita 27,000, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ni tani 27. Mhandisi kijana huyachora matangi yote juu ya paa, akiridhika kwamba maji yatashuka yenyewe hadi koki ya mwisho. Kiongozi wake anaichukua karatasi, anaitazama kwa utulivu, kisha anauliza: tani hizi nani atazibeba?

Kijana anainuka na kwenda kwenye meza ya mhandisi wa miundo. Wanahesabu pamoja nguzo na bimu, na anarudi na mchoro mwingine: akiba kubwa iko chini ya ardhi, na juu limebaki tangi dogo linalojazwa kwa pampu. Hakukaripiwa wala hakutafuniwa jibu, na kuanzia siku hiyo kila tangi atakalolichora atalipima pia kwa uzito.

Ofisi za usanifu majengo zinapomtambulisha kiongozi mpya wa timu ya mitambo hutaja shahada, miaka ya kazi na miradi aliyopitia. Ni stahili yake. Ila ufundi ninaouheshimu zaidi uko katika namna anavyousoma mchoro wa mwenzake, mstari kwa mstari, kabla bomba moja halijanunuliwa. Na Dodoma ufundi huo unadai uangalifu wa pekee, kwa sababu namba zilizozoeleka pwani hazikai sawa kwenye uwanda wa kati.

Chukua pampu. Tunasema pampu inavuta maji, lakini kinachoyasukuma maji kupanda hadi kwenye pampu ni uzito wa hewa inayotuzunguka. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 10 na kidogo, kwa hesabu ya karatasini. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya bahari. Hewa ni nyepesi zaidi, na kipimo kilekile kinashuka hadi mita 9 hivi. Ukitoa msuguano wa mabomba, viungo na valvu, kinachobaki ni kidogo. Pampu iliyokaa vizuri juu ya tangi lake kule Dar huku inaweza kuanza kunguruma kana kwamba imemeza kokoto: mapovu ya mvuke yanazaliwa ndani yake na kupasuka, na kila yanapopasuka yanadonoa chuma. Kiongozi mzuri anaiona hatari hiyo kwenye mchoro wa mkato wa jengo, katika sentimita chache kati ya usawa wa maji na mdomo wa pampu. Anaishusha pampu ikae chini ya usawa wa maji, ili maji yaifuate yenyewe. Marekebisho ya namna hiyo huchukua dakika tano za kalamu. Yakisubiri hadi zege likauke, huchukua nyundo na bajeti mpya.

Hewa hiyohiyo nyepesi inagusa mengine mengi. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini ujazo huo una hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo unabeba joto pungufu. Jenereta ya dizeli nayo huenda isitoe nguvu yote iliyoandikwa ubavuni mwake. Anayechagua mashine kwa kufungua katalogi ya mtengenezaji na kuchukua namba ya kwanza atakuwa amemchagulia mteja mashine ya mji mwingine.

Wagogo walilijua jua na baridi ya uwanda huu kabla ya katalogi yoyote. Tembe, nyumba yao yenye kuta nene na paa bapa lililofunikwa udongo, hulipokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku, wakati upepo wa Julai unapouma. Sisemi wizara zijengwe kwa miti na udongo. Nasema mhandisi anayekaa mapema na msanifu majengo, wakakubaliana kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yapate kivuli na upepo wa mashariki upewe njia ya kupita, anaweza kuondoa viyoyozi vingi kwenye orodha ya manunuzi. Miezi ya kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu na usiku ni wa baridi, neema ambayo Tanga na Dar hawana. Kwangu mimi, mhandisi mitambo anayejua kupunguza mitambo ndiye aliyekomaa.

Kuhusu maji, uwanda una somo lake. Mji umetegemea kwa miaka mingi visima vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe. Kina cha maji ya ardhini pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba misimu mingi ya mvua huongeza kidogo sana. Akiba hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Anayelijua hilo hachori choo kinachomwaga maji ovyo. Anatazama pia paa. Mvua ya mwaka ni kama milimita 570, nyingi ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na paa la mita za mraba 1,000 linapokea lita 570,000, kabla ya kutoa zinazopotea. Kwa jengo letu la watu 300 ni matumizi ya siku 40 hivi. Kwa vyoo na bustani peke yake, yatafika mbali zaidi.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kwa miongo mingi ujenzi ulikwenda taratibu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia kweli, maghorofa yamekuwa yakipanda, na Mtumba, palipokuwa pori, leo ni Mji wa Serikali. Ndani ya ghorofa kosa dogo hurudiwa sakafu kwa sakafu. Bomba la maji taka la inchi 4 likihitaji mwinamo wa 1 kwa 60, katika urefu wa mita 12 litashuka sentimita 20, na sentimita hizo zitagombaniwa na bimu, taa na njia za hewa. Kuzipatanisha ni kazi ya mezani, ya kuweka michoro ya fani zote moja juu ya nyingine na kuuliza nani ampishe nani.

Kiongozi wa mitambo pia ni mwalimu. Mhitimu wa uhandisi nchini hupitia mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya usimamizi, kwa mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kabla ya kufikiriwa kuwa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo mitatu ina thamani ileile aliyonayo mtu anayeipitia michoro yake. Akipata mtu wa kupiga saini tu, ameipoteza.

Kwa hiyo wewe mteja, uwe wizara, shule au mwenye hoteli, ofisi ya usanifu ikikutambulishia kiongozi wake mpya wa mitambo, mpe mkono na usikilize wasifu wake. Halafu mwombe akupeleke kwenye chumba cha pampu cha jengo alilolisanifu miaka mitano iliyopita, na umwite fundi anayekihudumia. Muulize fundi kama anaifikia kila valvu bila kuvunja ukuta.