Vijiti viwili na poda: jinsi mwalimu wa gofu wa Kisumu anavyonyoosha mpira

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108 kila mahali, liwe la Muthaiga, Nairobi, au la Kisumu. Simama mita 3 kutoka shimoni, kwenye grini tambarare, usukume mpira. Ili mpira unaofika polepole uanguke ndani, mwelekeo wake usikosee kwa zaidi ya nusu ya shimo kila upande, yaani milimita 54. Kwa umbali huo, milimita 54 ni pembe ya digrii 1 tu. Hakuna jicho la mwanafunzi linaloweza kuiona digrii 1 fimbo inapogusa mpira. Anachokiona ni mpira uliopita pembeni, basi atalaumu nyasi, atalaumu mteremko, atamlaumu kedi, mbeba mifuko wake, aliyemsomea mstari.

Mwalimu anayeijua kazi yake huchomeka vijiti viwili vya ti sentimita 30 mbele ya mpira, vikiachana milimita 54. Upana huo una hesabu yake. Kosa la milimita 54 kwenye mita 3 ni kosa la milimita 5.4 kwenye sentimita 30, na mpira wenyewe una kipenyo cha milimita 43 hivi. Jumlisha nafasi ya milimita 5.4 kila upande, utapata 54. Mpira ukipita kwenye lango hilo bila kugusa kijiti, mwelekeo ulikuwa sahihi. Usipoingia shimoni, tatizo ni nguvu au mteremko. Ukigonga kijiti cha kulia, uso wa fimbo ulikuwa umefunguka. Jibu linakuja papo hapo, mwalimu hajatamka neno.

Katika miaka ya karibuni vifaa vya kufundishia gofu vimejaa sokoni: rada za kupima mwendo wa mpira, vioo vya kulazwa chini, fimbo zenye uzito mkononi na mpini unaolegea, mikanda ya kufunga mikono. Baadhi vinafaa. Lakini ukiangalia kazi inavyofanyika kwenye viwanja vya pwani ya Ziwa Victoria, ambako wachezaji ni wachache kuliko Nairobi na ada ya somo haiwezi kulipia rada, unaelewa kwamba thamani ya kifaa haiko kwenye bei. Iko kwenye mambo mawili: kifaa kimweleze mwanafunzi kitu asichoweza kukijua peke yake, na kiwe rahisi kuondolewa. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa na wengi.

Tuchukue ugonjwa ulioenea kuliko yote, slaisi. Mchezaji wa mkono wa kulia anapiga, mpira unaanza vizuri, halafu unapinda kulia mpaka unapotelea majanini. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea uso wa fimbo ulikotazama. Kamera za kasi na rada zikaja kuonyesha kinyume. Mpira huanza karibu kabisa kule uso wa fimbo unakotazama, kiasi cha asilimia 85 kwa draiva, fimbo ya mapigo marefu, na asilimia 75 kwa fimbo za chuma. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Njia ikikata kutoka nje kwenda ndani huku uso umefunguka kuizidi, mpira utakwenda kulia. Na uso kukosea kwa digrii 2 peke yake kunautoa mpira kama mita 6 au 7 nje ya mstari kwenye umbali wa mita 200, hata kabla haujapinda.

Ndiyo maana dawa ya mitaani huzidisha ugonjwa. Mwenye slaisi anajiambia: kwa kuwa mpira unaenda kulia, nitalenga kushoto. Akigeuza miguu na mabega kushoto, njia ya fimbo nayo inazidi kukata kwenda kushoto, tofauti kati ya njia na uso inaongezeka, na mpira unapinda zaidi. Wiki ijayo atalenga kushoto tena kidogo. Nimewaona watu wazima wenye nguvu na bidii wakiishi na kosa hilo miaka mingi, na hakuna aliyewaeleza sababu yake.

Mwalimu mzuri haanzi na mkono wala na bega. Anaanza na poda. Poda ya kawaida ya dukani, ile ya watoto, inapakwa kwa wepesi kwenye uso wa draiva. Mwanafunzi anapiga, mpira unaacha alama ya duara. Hapo ndipo uchunguzi unapoanza, kwa sababu kuna slaisi mbili zinazofanana angani lakini chanzo chake si kimoja. Moja inatokana na uso na njia, kama nilivyoeleza. Nyingine inatokana na mahali mpira ulipogongwa. Draiva ina uso uliobinuka kidogo, na mpira unapogongwa upande wa kisigino, karibu na mpini, kichwa cha fimbo husokoteka na kuupa mpira mzunguko wa kwenda kulia, hata kama swingi ilikuwa safi. Mwalimu asiyetazama poda atambadilishia mtu huyu mkao wa vidole, njia ya fimbo na mzunguko wa kiuno, na slaisi itabaki palepale. Aliyetazama poda atamwambia arudi nyuma sentimita chache kutoka kwa mpira, na huenda somo likaishia hapo.

Kuna jinsi bora zaidi ya kuitumia poda hiyo. Kabla mwanafunzi hajageuza fimbo kuangalia alama, mwalimu humzuia: "Mzee, usiangalie kwanza. Niambie umegonga wapi." Mzee anafikiri, anasema katikati. Anageuza fimbo, alama iko kisigino. Baada ya mipira kadhaa, makisio yanaanza kukaribia ukweli, na mikono inajifunza kuhisi kile ambacho poda ilikuwa ikikisema. Mwanafunzi akishaweza kukisia sawasawa, poda imemaliza kazi yake na inarudi mfukoni.

Baada ya poda zinakuja fito. Walimu wengi leo hubeba fimbo mbili nyembamba za faiba, lakini fito mbili zilizonyooka zinatosha. Moja inalazwa chini mbele ya vidole vya miguu, sambamba na mstari wa kwenda shimoni, na mara nyingi hiyo peke yake inamshtua mwanafunzi, kwa sababu aliamini amesimama sawa kumbe mabega yanatazama mbali kushoto. Ya pili inachomekwa ardhini kwa mshazari, nje kidogo ya njia ambayo fimbo inapaswa kushukia. Akishuka kutoka nje, ataigonga. Mwalimu hana haja ya kumwambia afanye nini na kiwiko. Gabriele Wulf na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofanywa kwa mipigo mifupi ya gofu: walioelekezwa kufikiria mwendo wa fimbo walijifunza vizuri zaidi kuliko walioelekezwa kufikiria mwendo wa mikono yao. Fito iliyosimama inafanya hivyo hasa, inaitoa akili ya mwanafunzi nje ya mwili wake.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote kinapatikana kwa kila fundi wa pancha Kisumu: tairi kuukuu. Henry Cotton, Mwingereza aliyeshinda mashindano ya The Open mwaka 1934, 1937 na 1948, aliwafundisha watu kugonga tairi la gari kwa fimbo, kwa mkono mmoja na kwa yote miwili, ili mikono iwe na nguvu na ijue uso wa fimbo uko wapi wakati wa kugonga. Ardhi ya Kisumu inaifanya mbinu hiyo ifae zaidi. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Kano hupasuka na kuwa mgumu wakati wa kiangazi, na hushika kila kitu wakati wa mvua. Mwanafunzi anayechimba ardhi kabla ya mpira anaumiza kifundo cha mkono kiangazi, na masika fimbo inakwama. Tairi linampokea bila kumuumiza, naye anahisi kama mikono imetangulia kichwa cha fimbo au imebaki nyuma.

Saa ya somo nayo ni sehemu ya ufundi. Kando ya ziwa, asubuhi upepo huelekea kutoka nchi kavu kwenda majini, tena kwa utulivu. Jua likishaipasha ardhi moto, upepo hugeuka ukatoka ziwani kwa nguvu, na jioni mara nyingi huja na ngurumo. Upepo wa pembeni unaweza kuuficha ugonjwa au kuuzidisha, na mwanafunzi mgeni hawezi kutofautisha kosa lake na kazi ya upepo. Kwa hiyo umbo la swingi hufundishwa asubuhi, na mchana hupimwa kama limeshika.

Kisumu iko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 10 kuliko ya pwani, na mpira huruka mbali zaidi kwa kama asilimia 4. Pigo la mita 150 pale Nyali, Mombasa, ni kama mita 156 hapa. Kijana wa Kisumu anayekwenda kushindana Mombasa na hajaambiwa hivyo ataona mipira yote inapungua, ataongeza nguvu, na slaisi iliyokwisha pona itarudi.

Sasa nirudi kwenye kuondoa. Klabu ya Nyanza, hapa Kisumu, ilipata sifa duniani kwa kanuni yake ya enzi ya ukoloni: mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji aliruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama, si karibu zaidi na shimo, bila adhabu. Kanuni ilimsamehe mchezaji kwa sababu ya mnyama. Lakini kanuni za gofu hazimsamehi anayelaza fito chini ili apange miguu katikati ya mashindano. Hiyo ni adhabu ya mapigo mawili, hata akiiondoa kabla ya kupiga. Tangu mwaka 2019, hata kedi haruhusiwi kusimama makusudi nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa pigo anapoanza kujipanga. Mchezaji anabaki na fimbo zisizozidi 14 na kile kilichomo mwilini mwake.

Wanasayansi wa mwendo wa mwili walilichunguza jambo hili la kumwondolea mwanafunzi msaada. Mwaka 1990 Carolee Winstein na Richard Schmidt walionyesha kwamba watu waliopewa majibu ya usahihi wao kwenye nusu tu ya majaribio walikumbuka vizuri zaidi siku ya pili kuliko waliopewa majibu kila mara. Anayeambiwa kila mara hana sababu ya kujisikiliza. Ndiyo maana lango la vijiti halipaswi kusimama somo zima. Mipira kumi na lango, kumi bila lango, na umbali ubadilike kila mara, kwa sababu uwanjani hakuna anayepiga pigo moja mara kumi mfululizo. Mwanafunzi ataonekana kufanya vibaya zaidi siku hiyo. Mwalimu mwenye haya au mwenye njaa ya ada atamrudishia lango ili afurahi. Hapo ndipo mwalimu anapopimwa.

Severiano Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata akashinda The Open. Utotoni kule Pedreña, kaskazini mwa Uhispania, alijifunza kwa fimbo moja ya chuma namba 3, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukwe. Fimbo ile haikufaa kwa mapigo mafupi, hivyo ikambidi auvumbue mkono wa kila pigo mwenyewe. Simtaji ili kusifu umaskini. Watoto wetu wanastahili fimbo kamili. Namtaja kwa sababu mtoto aliyeanza hivyo alikuja kushinda kwetu, ilhali Kenya Open ilianza mwaka 1967 na mpaka leo hakuna Mkenya aliyeishinda. Jacob Okello ndiye aliyekaribia zaidi, mwaka 1998, aliposhindwa na Ricardo González wa Argentina kwenye mchujo wa mwisho. Hapa magharibi, Dismas Indiza wa Mumias ametuonyesha kwamba kiwanja cha mji mdogo kinaweza kutoa mchezaji wa kulipwa anayeheshimika nchi nzima.

Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Kedi wa Kisumu tayari ana nusu ya elimu: anaisoma grini, anajua upepo unageuka saa ngapi, ameona slaisi nyingi kuliko daktari yeyote wa klabu. Anachokosa ni nafasi ya kupiga na mtu wa kumwonyesha alama ya poda. Mwalimu anayeishi kwa ada ya somo la saa moja hawezi kumpa saa hizo bure kila siku, na si haki kumtaka afanye hivyo.

Basi kwa viongozi wa klabu za kando ya ziwa na za magharibi, ombi langu ni hili. Kabla ya kutenga fedha za kununua rada, tengeni asubuhi mbili kwa wiki ambapo makedi na watoto wa shule wataruhusiwa kwenye grini ya mazoezi, mpeni mwalimu malipo yake ya saa hizo, na mnunue ndoo ya mipira. Vijiti, fito, poda na tairi atavileta mwenyewe.