Kaburi Lisilotimia: Filamu ya "Das leere Grab" na Njia ya Tabora

Filamu ya Das leere Grab, iliyotengenezwa na Agnes Lisa Wegner pamoja na Cece Mlay na kuonyeshwa Berlin mwaka 2024, ni habari ya matanga yasiyoondolewa. Ukoo wa Mbano unatafuta fuvu la Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji. Ukoo wa Kaaya wa Meru nao unatafuta masalio ya mzee wao.

Katika Kiswahili matanga huwekwa, na yana siku yake ya kuondolewa. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi hii: yaonyesha jamaa waliorithi msiba bila kurithi siku ile. Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea mwezi wa Novemba 2023. Walakini radhi si mazishi, na filamu haikuficha tofauti hiyo.

Kasoro yake yaonekana wazi mtu akiitazama kutoka Tabora. Filamu inayofuata ukoo humhitaji marehemu mwenye jina. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekufa Januari 1893 boma lake liliposhambuliwa na Tom von Prince, angeweza kupata filamu ya namna hii. Wapagazi wa Kinyamwezi hawawezi. Njia ya misafara ilipitisha maiti ya Livingstone, ikachukuliwa mabegani kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, na kuzikwa London mwaka 1874. Bali mpagazi aliyeanguka njiani aghalabu aliachwa hapo hapo. Vita vya 1914–1918 vilizidisha hasara hiyo. Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipoiteka Tabora Septemba 1916, mizigo ya kila upande ilikuwa vichwani mwa watu ambao wengi wao hawakurudi. Hata mnara wa Dar es Salaam wa mwaka 1927 wawataja wapagazi kwa maandishi tu. Sanamu yenyewe ni ya askari.

Basi haitoshi kusema kwamba filamu hii yasimulia hasara ya vita. Yasimulia hasara inayoweza kudaiwa, kwa kuwa ina jina, ukoo na mahali pa kubisha hodi. Kwa mpagazi hakuna fuvu la kudai wala mlango wa kubisha. Mtengenezaji atakayetaka kumwombolezea hana budi kutafuta umbo jingine, lisiloanza na kaburi.