Pleti, Silikoni na Tope

Gari likikata kona, magurudumu yake manne hayaendi mwendo sawa. Ya nje hutembea zaidi ya yale ya ndani, na ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ukiyafunga yote pamoja kwa chuma, kwenye tope hutaona shida, maana tairi huteleza kidogo na kujipa nafasi. Kwenye lami kavu gari hukaza, hurukaruka, na mwisho wake ni kula difu. Ndiyo sababu magari ya zamani yalikuwa na mkono wa kuingiza foo-wili, na mengine yalimtaka dereva ashuke akafunge habu za mbele kwa mkono. Wengi walikumbuka kushuka wakiwa wameshazama hadi ekseli.

Ninaowavulia kofia ni wale waliomwondolea dereva kazi hiyo bila waya wala kompyuta. Mmoja wao ni Tony Rolt, Mwingereza ambaye maisha yake yangetosha watu watatu. Akiwa mfungwa wa vita katika ngome ya Colditz, ndiye aliyegundua kwamba paa la kanisa halionekani na walinzi, na wenzake wakaanza kuunda darini ndege isiyo na injini ya kutorokea. Mwaka 1953 alishinda mbio za Le Mans pamoja na Duncan Hamilton. Lakini kwangu sifa yake kubwa iko kwenye karakana aliyoshirikiana na Harry Ferguson, yule wa matrekta. Gari lao la mashindano, P99, lililosukumwa na magurudumu yote manne, liliendeshwa na Stirling Moss likashinda Oulton Park mwaka 1961. Kutokana na kazi hiyo, baadaye kikapatikana kifaa kilichofungwa kwenye AMC Eagle ya Marekani, toleo la 1980.

Ukikishika mkononi hakivutii: kopo la chuma lililozibwa pande zote. Ndani mna pleti nyembamba zenye matundu, zimepangwa kwa zamu, moja imeshikana na kopo, inayofuata imeshikana na shafti. Hazigusani. Katikati yake mna mafuta mazito ya silikoni na nafasi kidogo ya hewa. Pande zote mbili zikizunguka kwa kasi moja, hakuna kinachotokea. Kwenye kona, tofauti ni ndogo na mafuta huivumilia. Gurudumu la mbele likianza kuteleza, pleti za upande mmoja hukimbia kuliko za mwenzake, na mafuta hugoma. Mpishi wa ugali anaijua hali hiyo: mwiko ukienda taratibu sufuria hutulia, ukizidisha kasi sufuria nayo hutaka kuzunguka. Ndivyo nguvu inavyohamia nyuma.

Utelezi ukiendelea, mafuta hupata moto, hutanuka, hewa hubanwa, na pleti husukumwa mpaka zishikane chuma kwa chuma. Sasa shafti mbili zimekuwa moja, na gari linatoka kwenye tope. Magurudumu yakishakwenda sawa, joto hushuka na kila pleti hurudi mahali pake. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo: kosa ndilo linalozalisha nguvu ya kulirekebisha.

Kina kasoro, bila shaka. Lazima gurudumu liteleze kwanza ndipo kiamke, na breki za ABS hazikipendi, kwa kuwa zinataka kila gurudumu liwe huru. Haldex, mfumo wa kazi ile ile ulioingia sokoni mwaka 1998, ni mwepesi zaidi kuitikia: klachi yake hubanwa kwa mafuta, na kompyuta hupanga ibanwe kiasi gani. Hata hivyo, katika toleo lake la kwanza pampu iliendeshwa na ile ile tofauti ya mwendo kati ya mbele na nyuma.

Adui mkubwa wa kopo la silikoni ni ubahili. Mtu ana tairi tatu vipara, ananunua moja mpya. Kipara ni kidogo kwa mzunguko, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi, na kopo hudhani gari linateleza siku nzima. Linachemka hadi linajifunga moja kwa moja. Fundi mzoefu hukata usukani hadi mwisho kwenye uwanja wa gereji, anaachia breki, anatazama kama gari linajivuta au linagoma. Likigoma, hafungui kitu kwanza. Anachukua futi ya fundi cherehani na kuzungushia tairi moja baada ya nyingine.