Boga la Mahameni: Chakula katika "Wimbo wa Lawino"

Walimu wengi wanapoufundisha Wimbo wa Lawino hukimbilia neno moja: mgongano. Mgongano wa mila na usasa, wa mke wa shamba na mume msomi. Fikira hiyo si ya uongo, lakini imechakaa, na mwanafunzi huinakili katika mtihani bila kuipima. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shairi hili la Okot p'Bitek, lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kuletwa katika Kiswahili na Paul Sozigwa mwaka 1975, ni habari ya chakula pia: nani anajua namna ya kuilisha nyumba, na elimu hiyo ikipotea nini hutokea.

Tuanze na sura ya 6. Lawino anatuingiza nyumbani kwa mama yake, akituonyesha jiwe la kusagia, vyungu na vibuyu, na kutueleza kuni zipi huwaka vizuri na zipi hutoa moshi mtupu. Wako wanaoyasoma maelezo haya kama majivuno ya mila. Kwa maoni yetu, hii ni elimu ya uchumi wa nyumba. Jiwe halina kazi pasipo ulezi ghalani, na ulezi haufiki ghalani pasipo mtu aliyejua siku ya kupanda. Ndiyo maana sura ya 7 inazungumzia wakati. Ocol anamdharau mkewe kwa kutojua kusoma saa. Lawino naye anayajua majira ya mvua, ya kupanda na ya kuvuna. Hatuna budi kuuliza: katika saa hizo mbili, ni ipi iliyomlisha Ocol utotoni mwake?

Ama kuhusu mithali ya Kiacholi inayorudiwa katika shairi, ile inayokataza kung'oa boga mahameni, wahakiki wengi hulifasiri boga kuwa ni mila. Sawa, lakini boga ni boga kwanza. Hujiotea lenyewe bila kudai jembe wala palizi, na hubaki baada ya wenyewe kuhama. Anayeling'oa hapati faida yoyote. Anayeliacha humwachia mpita njia chakula.

Historia ilikuja kuifasiri mithali hiyo kwa ukatili. Katika vita vya kaskazini mwa Uganda, vilivyoanza mwaka 1986 na kutulia mwaka 2006, watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wameyahama makwao kufikia mwaka 2005, wengi wao wakiishi kambini. Sehemu kubwa ya nchi ya Waacholi iligeuka mahame. Wakulima waliozoea kujilisha walipanga foleni kungoja mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na watoto wengi walikua mbali na mashamba ya wazazi wao. Okot, aliyefariki mwaka 1982, hakuyaona hayo. Hata hivyo, msomaji wa leo hawezi kulitazama boga la Lawino kama pambo la lugha tu.

Pamoja na sifa hizo, shairi lina upungufu. Lawino anatueleza jinsi chakula kinavyosagwa na kupikwa kuliko jinsi kinavyopatikana. Umaskini anaufananisha na nyati katika sura ya 11, lakini hapo lawama inawaangukia wanasiasa, na jembe limekwisha kusahauliwa.

Upungufu huo tunauona wazi tukilisoma shairi hapa Port Bell. Kabla ya reli kutoka Mombasa kufika Kampala mwaka 1931, pamba ya wakulima wa Buganda ilipakiwa melini hapa kwenda Kisumu. Mkulima huyo aligawa nguvu zake kati ya pamba iliyomlipia kodi na migomba iliyomlisha. Leo, katika vyumba vya kupanga vya Luzira, chakula huivishwa kwa makaa, kwenye sigiri ile ile aliyoichukia Lawino. Lakini mpangaji wa chumba kimoja hana msitu wa kuchagulia kuni. Gunia la maharagwe litokalo kwa jamaa shambani, na fedha za karo ziendazo huko, huzishikilia nyumba mbili zisianguke. Lawino na Ocol wanabishana kana kwamba ni lazima mtu achague upande mmoja. Watu wa Port Bell wanaishi pande zote mbili, kwa kuwa upande mmoja hauwatoshi.

Basi walimu wenzetu, tunapoufundisha wimbo huu tusiishie kwenye mgongano. Mwanafunzi alaye posho na maharagwe shuleni aulizwe vilitoka wapi, na nani alivilima. Apelekwe kwa bibi yake akaulize maana ya kihenge, palizi na kupepeta, na familia yake ilikula nini miezi ya kabla ya mavuno. Majibu atakayorudi nayo yatamfafanulia Lawino kuliko kurasa nyingi za uhakiki, haya yetu yakiwemo.