Baada ya Pete: Juu ya Wanaochagua Watunzi wa Muziki

Wazee husema, Chanda chema huvikwa pete. Methali hii ni nzuri, lakini haisemi ni nani aliyekitazama chanda hata akakiona kuwa chema. Wala haitupi habari za vile vyanda vyema vilivyokosa pete kwa sababu aliyewekwa kuvitazama alikuwa na haraka, au alikuwa na vyanda vya nyumbani kwake. Katika makala hii twataka kuwapima watazamaji hao, yaani mabingwa wanaowekwa kuchagua watunzi wapya wa muziki wa Ulaya ule uandikwao kwa noti, na kuwasaidia. Kwa desturi wahakiki hupima kazi za watunzi. Sisi leo twapima kazi ya waamuzi wao, kwani nayo ni kazi, ina uzuri wake na ila zake.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini mtunzi wa namna hii hawezi kwenda bila mwamuzi. Mshairi akitunga shairi leo aweza kulisoma barazani jioni ile ile, na watu wakamsifu au wakamcheka. Mtunzi wa simfonia hawezi. Simfonia ni muziki mrefu wa ala nyingi. Hutaka wapigaji 60 au 80, ambao jamii yao huitwa okestra, tena hutaka jumba kubwa, na siku za mazoezi, na fedha za kuwalipa wote. Hayo yasipopatikana, kazi yake ni wino juu ya karatasi tu. Basi mtunzi mchanga hana budi kubisha mlangoni kwa mtu ajuaye kuzisoma noti kwa macho na kuzisikia moyoni kabla hazijapigwa. Mtu huyo akisema ndiyo, maelfu watasikia. Akisema siyo, huenda asisikie mtu kamwe. Uwezo huo ni mkubwa mno kuwa mikononi mwa watu wachache.

Ila ya kwanza ya waamuzi yajulikana na kila mtu: Mwamba ngoma huvutia kwake. Huko Ufaransa ilikuwako tuzo iliyoitwa Prix de Rome, ambayo mshindi wake alipelekwa kukaa Roma kwa gharama ya serikali. Maurice Ravel aliijaribu mara kadhaa. Mwaka 1905, alipokuwa na miaka 30, nayo ndiyo nafasi yake ya mwisho, alikataliwa katika jaribio la kwanza, asiruhusiwe hata kuingia katika shindano lenyewe. Wakati huo alikwisha kutoa kwarteti yake, yaani muziki wa ala 4 za nyuzi, na jina lake lilikuwa likitajwa mjini Paris. Waliopita wote walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, Charles Lenepveu, na huyo Lenepveu alikuwa miongoni mwa waamuzi! Magazeti yalipiga kelele. Mwaka uo huo Théodore Dubois aliacha ukuu wa chuo cha muziki cha Paris, na mahali pake pakashikwa na Gabriel Fauré, aliyekuwa mwalimu wa Ravel.

Ila hiyo hatutaikalia sana, maana dawa yake ni nyepesi: mwalimu asiketi barazani kuwaamua wanafunzi wake. Iko nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni ya mwamuzi mwenye haki na elimu. Kwa hiyo twamtwaa Johannes Brahms kuwa mfano, mtu ambaye hapana aliyeshuku ujuzi wake.

Brahms mwenyewe alikuwa mtu aliyechaguliwa. Mwaka 1853, akiwa na miaka 20, Robert Schumann aliandika makala gazetini kuwatangazia watu kwamba ametokea mtunzi mkubwa. Miaka ikapita, naye akawekwa kuchagua wengine. Serikali ya Austria ilikuwa ikitoa msaada wa fedha kwa vijana wa sanaa walio maskini. Mwaka 1874 Antonín Dvořák, mwana wa mwuza nyama wa kijiji kimoja cha Bohemia, naye alikuwa mpiga kinanda kanisani mjini Prague, alipeleka kazi 15, akapewa gulden 400, fedha ya Austria ya siku zile. Akaomba tena miaka iliyofuata, na Brahms akawa mmoja wa waamuzi.

Hapa ndipo tunapoona uzuri wa kazi ya mwamuzi. Brahms hakutosheka kupiga kura na kurudi kwake. Mwisho wa mwaka 1877 alimwandikia Fritz Simrock, mpiga chapa wa muziki huko Berlin, akimsifia nyimbo za Dvořák za sauti mbili, zenye maneno ya watu wa Moravia. Simrock alizipiga chapa, kisha akamwagiza Dvořák atunge ngoma za Kislavoni. Zilipotoka mwaka 1878 zilinunuliwa kwa wingi, na jina la mtu yule wa Prague likaenea Ulaya. Wala msaada haukuishia hapo. Kati ya mwaka 1892 na 1895 Dvořák alikuwa Marekani, na kazi zake zilikuwa zikipigwa chapa Berlin bila yeye kuwapo kuzisahihisha. Brahms, mzee wa miaka karibu 60, mwenye heshima kuliko watunzi wote wa nchi yake, akaketi kusahihisha karatasi zile noti kwa noti. Kazi hiyo ni ya karani. Haina sifa wala malipo makubwa. Kwa kipimo chetu, hiyo yapita kura yake ya kwanza.

Lakini mtu huyo huyo alikuwa na mlango mwingine. Mwezi wa Septemba mwaka 1880 kijana Hans Rott, mwanafunzi wa zamani wa chuo cha muziki cha Vienna, alimpelekea simfonia yake. Brahms alimjibu kwa ukali, na yasemekana alimwambia kwamba hana kipaji na afadhali auache muziki. Mwezi uliofuata Rott alirukwa na akili ndani ya gari la moshi. Alimtishia abiria mmoja kwa bastola, akisema Brahms amelijaza gari baruti. Alitiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akafa mwaka 1884 kwa kifua kikuu, hajatimiza miaka 26. Simfonia yake ilikaa kimya miaka zaidi ya 100. Ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1989, katika mji wa Cincinnati, Marekani, na waliosikia walistaajabu jinsi inavyofanana na kazi za Gustav Mahler, mwanafunzi mwenzake, zilizotungwa baada yake.

Mahler naye alipita mlango ule. Mwaka 1881 alipeleka kazi yake kubwa ya kuimba, Das klagende Lied, kushindania tuzo ya Beethoven mjini Vienna. Brahms alikuwa miongoni mwa waamuzi, nayo ikakataliwa. Mahler alilikumbuka jambo hilo kwa uchungu miaka mingi. Hata hivyo mwaka 1890 Brahms alimsikia Mahler akiongoza okestra katika mji wa Budapest, akamsifu mno, na tangu hapo akawa upande wake.

Tuseme nini, basi? Hatusemi kwamba neno la Brahms ndilo lililomtia Rott wazimu. Ugonjwa wa akili una mizizi mirefu, na kijana yule alikuwa katika dhiki nyingi. Wala hatusemi kwamba mwamuzi asikatae kamwe. Akimsifu kila ajaye, sifa yake haina thamani, kama fedha isiyo na muhuri. Twasema jambo moja tu: kwa Dvořák mlango wa Brahms ulibaki wazi miaka karibu 20, kwa Rott ulifungwa siku moja. Tofauti ya vijana hao haikuwa kipaji peke yake. Mmoja alipata mtu wa kutembea naye, na mwingine alipata hukumu.

Kama msomaji ana shaka, na atazame habari ya mtunzi Unsuk Chin wa Korea ya Kusini, aliyezaliwa mwaka 1961. Mwaka 1985 alishinda tuzo ya Gaudeamus ya Uholanzi, iliyo ya watunzi vijana, kwa kazi yake ya mazeze makubwa 3, yaani sello. Mwaka uo huo alikwenda Hamburg kusoma kwa György Ligeti. Ligeti alizitazama kazi zile, pamoja na ile iliyoshinda, akamwambia azitupe, kwa kuwa hazikuwa zake hasa bali ni mwangwi wa watu wengine. Chin alinyamaza miaka 3 asiweze kutunga. Sisi twaona kwamba ukali ule ulikuwa na gharama kubwa, na mwenye moyo dhaifu zaidi asingeinuka. Lakini Ligeti alimwambia sababu, tena hakumfukuza. Alimfundisha hata mwaka 1988. Chin aliporudia kutunga alikuwa na sauti yake mwenyewe. Mwaka 2004 alipata tuzo ya Grawemeyer ya Marekani kwa muziki wake wa fidla na okestra, na mwaka 2024 tuzo ya Ernst von Siemens ya Ujerumani. Maneno makali aliyoyasikia hayakuwa mepesi kuliko ya Rott. Ila aliyeyasema alikuwapo kesho yake.

Na baraza za siku hizi je, zimejifunza? Kwa sehemu zimejifunza. Huko Tokyo iko tuzo yenye jina la mtunzi Toru Takemitsu, ambayo tangu mwaka 1997 huwekewa mwamuzi mmoja tu kila mara, naye ni mtunzi mwenye jina. Wa kwanza alikuwa Henri Dutilleux wa Ufaransa, na mwaka 2018 alikuwa Chin mwenyewe. Mambo mawili twayasifu hapo. La kwanza, kazi zinazofika mwisho hupigwa na okestra kamili mbele ya watu, hata aliyeshindwa amesikia wino wake ukigeuka sauti. La pili, mwamuzi hawezi kujificha nyuma ya wenzake na kusema, Baraza ndilo lililokataa.

Jambo moja hatulisifu. Tuzo hiyo huwataka watunzi wasiozidi miaka 35, na tuzo nyingine nyingi huweka mpaka kama huo. Twajua kusudi lake ni jema, vijana wasizibwe na wakubwa. Lakini Dvořák alikuwa na miaka 36 Brahms alipomwandikia Simrock. Mtu aliyezaliwa mbali na vyuo huchelewa kufika mlangoni, na mlango uhesabuo miaka humdhulumu huyo kwanza.

Tena msaada si lazima utoke barazani. Justinian Tamusuza wa Uganda alisoma Belfast kwa Kevin Volans, mtunzi mzaliwa wa Afrika Kusini, kisha akatunga kwarteti yenye mwendo wa muziki wa Waganda. Wapigaji 4 wa Kronos wa Marekani waliipiga, wakaitia katika santuri yao ya mwaka 1992 iitwayo Pieces of Africa. Mwalimu alimwonyesha njia, wapigaji wakampa masikio ya ulimwengu, na kila mmoja alitenda zaidi ya kutoa alama.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Tukitaka kumjua mwamuzi, tusitazame orodha ya washindi wake peke yake, maana kuona kipaji kilichokwisha kung'aa si ajabu. Tuulize aliyemchagua alimfanyia nini mwaka wa pili na wa kumi, na aliyemkataa alimwambia nini alipokuwa akitoka. Nasi vijijini tuwekwapo kuamua nyimbo za vijana wetu, kipimo ni hicho hicho. Karatasi za Simrock zilizosahihishwa kwa mkono wa mzee ni ushahidi wa kuchagua kwema. Na miaka zaidi ya 100 ya kimya cha simfonia ya Rott ni deni ambalo hata mwamuzi hodari aweza kuliacha nyuma yake.